Bei isishushwe kwa kufunga geti la Tunduma
Na Atupele Simbeye

Mama ninayenunua mchele kwake sokoni Tunduma ana makopo mawili chini ya meza, moja la shilingi na jingine la kwacha. Jua likizama haligusi la shilingi. Analichukua lile la kwacha, anamwita mbadilisha fedha, na kumaliza noti zote kabla hajafunika mchele. Nilimuuliza kwa nini asingoje asubuhi.

“Dada, kwacha hailali kwangu,” alinijibu. “Shilingi naiweka mpaka itimie ya gunia.”

Hajasoma uchumi darasani, lakini hapo amegusa kiini chake. Fedha inayoweza kulala bila kupungua nguvu humwezesha mtu wa kipato kidogo kupanga mwezi ujao. Majirani zetu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka upande wa Zambia, wamelipia kukosa utulivu huo. Januari 2013 Zambia ilifuta sifuri tatu, kwacha 1,000 ikawa 1. Novemba 2020 ikashindwa kulipa riba ya deni lake la nje, na kufikia Julai 2021 mfumuko wa bei ulikuwa asilimia 24.6. Kapu la kwacha 100 mwaka uliotangulia likawa linadai karibu 125. Kwetu, wakati huohuo, mfumuko haukufika asilimia 5.

Hatukuzaliwa na utulivu huu. Tuliokuwapo miaka ya 1980 tunakumbuka foleni za sukari na sabuni, mfumuko ukizunguka asilimia 30. Sheria ya Benki Kuu ya mwaka 2006 ilifanya utulivu wa bei kuwa jukumu la kwanza la benki hiyo, na tangu Januari 2024 inaongoza soko kwa riba yake, iliyoanzia asilimia 5.5. Riba ikipanda, mikopo inakuwa ghali, fedha mtaani zinapungua, bei zinapoa. Ni kazi ya kuheshimiwa.

Ila riba hainyeshi mvua. Chakula ndicho chenye uzito mkubwa kuliko kundi lolote katika kapu linalopimiwa mfumuko wa bei, kwa hiyo mahindi yakipanda, takwimu ya taifa inapanda nayo. Hapo ndipo kishawishi cha kufunga mpaka kinapoingia. Mwaka 2017 tulizuiwa kuuza mahindi nje ya nchi, na bei ikaporomoka. Mlaji wa mjini alipumua. Mkulima wa Mbozi, hapa Songwe, aliyekwisha kulipia mbolea, palizi na usafiri hadi Mlowo, alibaki na magunia yasiyorudisha hata gharama ya shamba.

Mimi naiita hiyo kodi. Haikupita bungeni, haina risiti, na anayeilipa ni mkulima peke yake ili watu wengine wote wale kwa bei nafuu. Tena utulivu wake ni wa msimu mmoja: aliyeuza kwa hasara hanunui mbolea, mwaka unaofuata analima nusu ya shamba, na bei inarudi juu zaidi ya ilivyokuwa.

Najua hofu ya njaa si ya kubuni, na hakuna serikali inayopaswa kuipuuza. Lakini dawa yake ni ghala. Mwaka 2024 ukame uliichoma Zambia hadi Rais Hakainde Hichilema akatangaza janga la kitaifa, na Tanzania ikakubali kuiuzia tani 650,000 za mahindi kupitia Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA. Nchi yenye mahindi ghalani inaweza kumlisha jirani, kuingiza fedha za kigeni zinazoipa shilingi nguvu, na kupunguza makali ya bei nyumbani kwa kufungua maghala pale mahindi yanapoadimika. Wakala huohuo ukinunua kwa wingi wakati wa mavuno, bei ya mkulima haianguki.

Kwa hiyo nataka mambo mawili kutoka Dodoma. Gharama ya kujaza maghala iingie kwenye bajeti ya taifa, ibebwe na walipa kodi wote, isiachiwe Mbozi na Momba. Na bei ya kuanzia ya NFRA itangazwe Oktoba, kabla wakulima wa Songwe hawajakopa mbegu na mbolea, pamoja na ahadi ya maandishi kwamba geti litabaki wazi mpaka msimu wa kuuza uishe.