Uji tumebaki nao, mikono imeenda wapi?

Kwenye kipindi cha wiki hii tulicheka sana kuhusu arobaini, zile siku 40 baada ya kujifungua. Uji wa pilipili manga, tumbo kufungwa leso, mashangazi wanaopiga simu ya video kuhakikisha umevaa soksi. Lakini kuna jambo sikulisema kwenye maiki, manake nilijua nitalia. Nitaliandika hapa.

Mwanangu alipokuwa na wiki saba, nusura nimwangushe. Ilikuwa saa tisa usiku, analia anataka kunyonya. Nikamnyanyua kama kawaida, mikono chini ya makwapa yake, vidole gumba vimesimama. Mkono wa kulia ukachomwa kama kwa kisu, kutoka chini ya kidole gumba hadi juu ya kifundo, nikaachia. Alianguka sentimita chache tu, tena kwenye godoro. Alinyonya akalala. Mimi ndiye niliyekaa sakafuni hadi alfajiri.

Na mkono haukuanza kuuma siku hiyo. Ulikuwa unauma tangu wiki ya nne. Nilikuwa siwezi kufungua chupa ya maziwa wala kukamua kitambaa. Nesi wa watoto alipokuja nyumbani akaniuliza habari zangu, nikamwambia niko sawa. Shangazi akasema kwenye simu, "Baridi hiyo, jipake mafuta ya karafuu. Sisi tumelea saba, hatukujua mkono ni kitu gani." Mavyaa naye, kwa upole kabisa, "Vumilia mwanangu, ndio uzazi."

Basi nikaamini tatizo ni mimi. Mtoto wa London, aliyekua na mashine ya kuosha vyombo, hana mikono ya kulea.

Ile wiki ya nane nilikuwa na miadi ya GP, ule uchunguzi wa mama baada ya kujifungua. Daktari akaniambia nifiche kidole gumba ndani ya ngumi, halafu niinamishe mkono upande wa kidole cha mwisho. Niliruka kwenye kiti. Akasema hii ina jina: ugonjwa wa de Quervain, kwa jina la daktari mpasuaji wa Uswisi aliyeueleza mwaka 1895. Kuna kano mbili zinazovuta kidole gumba, na pale kwenye kifundo zinapita ndani ya kijinjia chembamba. Ukirudia mjongeo uleule mara nyingi mno, kijinjia kinakuwa kinene, kano zinabanwa, na kila ukinyanyua kitu zinasuguana.

Zamani Waingereza waliuita mteguko wa mfua nguo, kwa sababu uliwapata wanawake waliokamua nguo kutwa. Umeona? Ni maumivu ya kazi. Piga hesabu: mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku. Kila mara unamnyanyua, unamshikilia kichwa, unambadilisha nepi, unamlaza, analia, unamnyanyua tena. Na kila wiki anazidi uzito. Ongeza kile kiti chake cha gari, ambacho mimi nilikuwa nakipandisha hadi ghorofa ya tatu kwa mkono mmoja.

Nikampigia mamangu nikijua atasema yaleyale ya shangazi. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Ndugu zako wawili niliowazaa Mombasa hawakuniuma popote. Wewe ndiye uliyeniumiza mkono."

Mimi nilizaliwa hapa Uingereza, mwezi wa pili, baba akiwa kazini zamu za usiku. Mama alichana kipande cha leso, akafunga kifundo, akaendelea. Hakumwambia mtu kwa miaka 29. Kule Mombasa nyanya ndiye aliyemwogesha mtoto. Dada zake walimchukua akishashiba. Jirani alifua nepi. Yeye kazi yake ilikuwa kunyonyesha na kulala. "Hatukuwa na nguvu kuwashinda nyinyi," akaniambia. "Tulikuwa wengi."

Hapo ndipo ninapotaka tubishane kidogo. Sisi wa huku tunajivunia kwamba tumeihifadhi arobaini. Kwa kweli tumehifadhi chakula na masharti. Mikono tumeiacha, na mikono ndiyo iliyokuwa arobaini yenyewe. Mume wangu alipata wiki mbili za likizo, akarudi kazini. Wageni walikuja na maua, nguo za mtoto na sinia la biriani, wakambeba mtoto kwa picha mbili, wakanywa chai niliyoipika mimi.

Najua, mashangazi wa huku wako zamu hospitalini, na wengine wanaishi miji mingine. Wala sitaki zirudi arobaini za kukosolewa kila saa. Lakini saa mbili za Jumamosi zinawezekana. Ukienda kumwona mzazi, usiulize "unahitaji nini?" Atasema hahitaji kitu. Nawa mikono, mchukue mtoto akishanyonya, mwambie mama akalale. Fua. Pandisha kile kiti cha gari. Na wewe baba, saa tisa usiku nyanyua mtoto umpe mama aliyekaa, kisha umpokee umlaze.

Na wewe ambaye mkono unakuuma sasa hivi: usingoje kama mimi. Usimnyanyue kwa makwapa. Telezesha mikono chini yake, moja kichwani na mabegani, nyingine makalioni, viganja vikitazama juu kama unaomba dua, vidole gumba vikae karibu na wenzake. Wakati wa kunyonyesha weka mto ubebe uzito. Nenda kwa daktari. Mimi nilipewa kifaa kigumu cha kufunga kifundo pamoja na kidole gumba, nikatulia wiki kadhaa. Kuna dawa za maumivu zinazofaa kwa anayenyonyesha, muulize mfamasia. Isipotosha kuna sindano ya steroidi, na wengi hupata nafuu. Uliza mapema kuhusu ngozi, kwa sababu sindano hiyo inaweza kuacha doa jeupe, na kwenye ngozi zetu linaonekana zaidi. Upasuaji mdogo upo, ila wachache ndio huufikia.

Mimi nilipona mwanangu alipofika miezi sita. Juzi nilimpelekea mamangu kile kifaa changu cha mkono, kama mzaha. Alikivaa, akakigeuza geuza, akasema, "Kumbe kilikuwepo." Hakucheka, na mimi sikucheka.

Wiki hii kuna mtu unayemjua yuko ndani ya siku zake 40. Nenda na mikono yako. Biriani si lazima.