Kona ya Imani: Aliyemwita Hajiri kwa Jina

Mwezi huu nilikuwa nimepanga kuandika juu ya watoto na Shule ya Jumapili, lakini nimeulizwa swali bombani na tangu siku ile sijaweza kuandika kingine. Shule ya Jumapili itasubiri.

Aliyeniuliza ni mama mmoja. Jina lake silitaji na msihangaike kukisia, maana wenye habari kama yake hapa Nyarugusu ni wengi. Familia yake ilikuwa imemaliza hatua zote za kwenda Marekani. Usaili walishafanya, hospitali walishapimwa, tarehe ya kusafiri walishapewa. Si mnajua mambo yetu, mtu akishapata tarehe anaanza kugawa vitu. Godoro akauza, kuku akawachinja siku ya maombi ya kuagana, sufuria yake kubwa akampa jirani. Halafu mwezi wa Januari 2025 serikali ya Marekani ikasimamisha kupokea wakimbizi, safari zikafutwa. Jioni ile watoto wanataka kula, ikabidi mama aende kwa jirani kuazima sufuria yake mwenyewe.

Basi akaniuliza, dumu lake likiwa la tisa kwenye foleni: “Mwalimu, ninyi mnafundisha kwamba Mungu anampenda kila mtu kwa jina lake. Mdogo wangu aliondoka mwaka 2018, akatoa ushuhuda kanisani kwamba Mungu amemwona. Mimi je? Mungu aliniruka?”

Nilinyamaza. Mimi nimeishia sekondari, si mchungaji, nafundisha darasa la tano kwa kujitolea. Tena nimezaliwa hapahapa kambini. Mama yangu alivuka Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi akitokea upande wa Fizi, na mpaka leo kesi yetu iko ilipo. Kwa hiyo swali lile lilikuwa la kwetu pia. Nikamwambia, Mama, nipe muda.

Kwanza niseme neno juu ya shuhuda zetu, na anayekasirika anisamehe. Miaka ile mabasi yalipokuwa yanabeba watu kila mara, kila Jumapili kulikuwa na mtu wa kusimama mbele na kusema Mungu ametenda. Tulipiga vigelegele, na ilikuwa halali, maana kuvuka salama ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini mwenye kubaki hakuitwa mbele. Hakuna aliyesema, “Ndugu, niko hapa mwaka wa ishirini, posho imepunguzwa, na Mungu ananiona.” Bila kukusudia tumewafundisha watoto kwamba upendo wa Mungu unaanzia uwanja wa ndege.

Usiku ule nikafungua kitabu cha Mwanzo, sura ya 16, habari za Hajiri. Zamani nilikuwa naipita haraka, naona ni ugomvi wa wake wawili tu. Safari hii nikaisoma kama mtu wa kambi, na kumbe habari yenyewe ni yetu.

Hajiri ni Mmisri, yuko ugenini, na ni mjakazi. Sarai hapati mtoto, anamtoa Hajiri kwa Abramu ili amzalie. Hajiri mwenyewe hakuulizwa. Anapata mimba, wanawake wanachukiana, Sarai anamtesa, naye anakimbia. Anashika njia ya kuelekea Shuri, ambayo ndiyo njia ya kwao Misri. Mwanamke mjamzito, peke yake, nyika, anarudi kwao kwa miguu. Mama zetu hawahitaji kuelezwa hilo.

Angalieni jambo hili, nami nililigundua baada ya kusoma mara ya tatu nikiwa na kalamu mkononi. Abramu na Sarai wanapozungumza juu yake hawamtaji kwa jina hata mara moja. Sarai anasema mjakazi wangu, Abramu anasema mjakazi wako, basi. Mwandishi anatupa sisi jina lake, lakini katika vinywa vya wenye nyumba hana jina. Wa kwanza kumwita Hajiri katika habari hii ni malaika wa Bwana, pale kwenye chemchemi njiani. Alikuwa anamjua jina, na alikuwa anajua pia anatoka nyumba gani.

Halafu anamuuliza maswali mawili, anatoka wapi na anakwenda wapi. Jamani! Maswali haya tumeulizwa mara ngapi? Umetoka kijiji gani, ulivuka mwaka gani, mlikuwa wangapi, mbona mwaka ule ulisema hivi na leo unasema vile. Mtu anatoka mle chumbani jasho linamtiririka kama mwizi, na ni maisha yake mwenyewe aliyokuwa anasimulia. Huyu aliyemuuliza Hajiri alikuwa anajua majibu tayari, maana alishamtaja kwa bibi yake. Aliuliza ili Hajiri aseme mwenyewe. Na Hajiri akajibu swali la kwanza tu, kwamba anamkimbia Sarai. La pili, anakwenda wapi, hakulijibu. Hakukemewa, wala faili lake halikufungwa kwa sababu jibu halikutimia.

Sasa nafika mahali pagumu, na sitaki kuparuka. Malaika alimwambia arudi kwa bibi yake. Mstari huu unanisumbua. Nimewahi kusikia ukitumiwa kumwambia mwanamke anayepigwa arudi kwa mume akavumilie. Mimi sikubali. Hilo lilikuwa neno kwa mwanamke mmoja, mjamzito, ambaye mbele yake kulikuwa na jangwa, na lilikuja pamoja na ahadi juu ya mtoto wake. Na katika sura ya 21, alipotoka mara ya pili, hakurudishwa tena, aliendelea na mwanawe wakiwa huru. Mama unayepigwa, nenda kwa wazee unaowaamini, nenda ofisi ya ulinzi, usibaki ndani kwa sababu ya Hajiri.

Ila lipo jambo hapa linalomhusu yule mama wa sufuria. Hajiri alirudi palepale alipotoka. Hema ni lile, bibi ni yule, kazi ni zile. Na bado ndiye aliyempa Mungu jina, akamwita Mungu aonaye, yule anayemwona yeye. Katika Biblia nzima ndiye mtu wa kwanza tunayesoma kwamba alimpa Mungu jina. Siyo Nuhu wala Abramu, ni mjakazi mkimbizi. Hakungoja hali ibadilike ndipo aseme ameonwa. Mtoto naye akaitwa Ishmaeli, maana yake Mungu husikia, ili kila akimwita mwanawe aje kula akumbuke. Nilimsomea habari hii mama mmoja Mrundi, akacheka, akasema kwao hilo ni jina la mtu wa kawaida tu, Habonimana, yaani Mungu ndiye aonaye. Na ndugu zetu Waislamu wanamfahamu Hajiri pengine kuliko sisi, maana wanaokwenda Hija hupita kati ya Safa na Marwa mara saba kwa kumkumbuka akimtafutia mwanawe maji.

Hiyo ya maji nasi tunayo, sura ya 21. Miaka imepita, Isaka amezaliwa, Hajiri na kijana wake wanafukuzwa. Wanapewa mkate na kiriba cha maji, ndiyo posho yao yote. Maji yanakwisha katika jangwa la Beer-sheba. Hajiri anamweka mtoto chini ya kichaka, anakwenda kukaa mbali, umbali wa mshale mmoja kutupwa, ili asimwone akifa, na analia. Mungu akasikia sauti ya kijana, na Hajiri akaitwa tena kwa jina, akaulizwa ana nini. Kisha Mungu akamfumbua macho, akaona kisima. Andiko halisemi kisima kilichimbwa dakika ile.

Yesu naye alilisema jambo hili kwa bei ya sokoni. Katika Mathayo, shomoro wawili ni kwa sarafu moja ndogo. Katika Luka, watano ni kwa mbili. Nilimpa mwanafunzi hesabu hiyo ubaoni, akasema, “Mwalimu, mmoja amezidi.” Ndivyo, sarafu mbili zingetoshea wanne, wa tano ni nyongeza, kama muuza dagaa anavyokutupia wachache juu ya fungu. Na Yesu akasema hata mmoja wao hasahauliwi mbele za Mungu. Huyo asiye na bei naye yumo. Tena hakusema shomoro haanguki. Katika Mathayo alisema haanguki chini pasipo Baba, na sisi tuliozika watu wetu tunajua wanaanguka. Mhubiri anayeahidi kwamba ukiamini hutaanguka ameruka neno.

Basi Jumamosi nikaenda nyumbani kwa yule mama na Biblia yangu. Sufuria ilikuwa motoni, siku hizi wanaitumia wote wawili, leo huku kesho kule, na jirani akiirudisha haiji tupu. Nikamsomea sura zote mbili. Watoto walikuwa wanachambua maharagwe. Nilipofika pale Hajiri anapokaa mbali akaniambia nirudie. Nikarudia.

Akasema polepole, “Mimi huwa nakwenda nyuma ya choo.”

Sikujua la kusema, na nilishukuru kwamba sikusema. Baada ya muda akauliza kama jibu langu ni kwamba kesi yake itafunguliwa. Nikamwambia hapana, Mama, hilo silijui, na akija mtu kukuambia ameonyeshwa tarehe ya ndege, tena anataka sadaka, usimpe. Ninachojua ni kwamba hukurukwa. Anayekujua kwa jina alikuwa anakujua kabla hujapewa kadi, na siku ile ya kuazima sufuria alikuwepo. Akanyamaza, akasema bado ana hasira. Nikasema Hajiri naye alipaza sauti akalia, na hakuna mahali palipoandikwa aliambiwa anyamaze kwanza.

Tukaomba, na aliyeomba ni yeye. Aliomba kwa Kibembe, siwezi kuyaweka yote hapa na mengine si ya gazeti. Lakini katikati alimtajia Mungu zoni, kijiji na namba ya nyumba, kama mtu anayemwelekeza mgeni, na mtoto wake mdogo akafumbua jicho moja kuniangalia. Kisha akawataja watoto wote, mmoja mmoja, na mdogo wake wa Marekani, na jirani wa sufuria.

Mwezi ujao, Mungu akitujalia, nitarudi kwenye Shule ya Jumapili. Mwenye swali aliandike kwenye karatasi aniletee darasani mchana watoto wakishatoka. Asiyejua kuandika aje aniambie, nitamwandikia. Na jina lako liweke tu juu ya karatasi, gazetini halitatoka, ila mimi nataka kujua ninamjibu nani.