Kona ya Fundi: Mfuko wa vumbi, wa kutupa au wa kumwaga?

Mada ya leo imeletwa na msomaji wetu aliyeko Uingereza. Mchana ana kazi yake ya ajira, jioni na Jumamosi ni seremala: anatengeneza makabati na vitanda katika gereji iliyoungana na nyumba. Amenunua mashine ya kufyonza vumbi, na sasa mifuko ya kutupa inamla pesa. Anauliza kama anunue ule mmoja wa kitambaa, unaomwagwa na kurudishwa. Mwishoni mwa barua ameongeza kwamba mtoto wake wa pili ana pumu. Mimi nimeanza kuisoma barua hiyo kutoka mwisho.

Tujue kwanza tunachokikusanya. Maranda yanayotoka kwenye randa ni makubwa, yanaanguka chini, unayafagia yakaisha. Tatizo ni ule unga wa msasa na wa msumeno wa umeme. Unywele wa mtu una upana wa mikroni 70 hivi; vumbi linalofika ndani kabisa ya mapafu liko chini ya mikroni 10. Hulioni, na linaendelea kuelea hewani muda mrefu baada ya wewe kuzima mashine na kwenda kula.

Vumbi hilo si la kuchezea. Mwaka 1995 IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, ililiweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Nchini Uingereza, HSE, idara ya serikali inayosimamia usalama kazini, inasema maseremala wana uwezekano mara nne zaidi wa kupata pumu kuliko wafanyakazi wengine. Kiwango cha mwisho kinachoruhusiwa kazini huko, kwa wastani wa saa 8, ni miligramu 3 kwa kila mita ya ujazo ya hewa kwa mbao ngumu, na 5 kwa mbao laini. Mvule wetu, ambao madukani huko unaitwa iroko, unajulikana kwa kuwasha ngozi na kubana kifua. Mwerezi mwekundu wa Amerika nao una sifa hiyohiyo ya kuleta pumu.

Sasa mifuko. Ule wa kutupa, hasa uliotengenezwa kwa kitambaa kizito kisichofumwa badala ya karatasi, unanasa vumbi laini katika tabaka zake. Ukijaa unaufunga mdomo, unautoa, unautupa. Vumbi lililoingia halitoki tena. Wa kumwaga una zipu au kibano cha plastiki chini: unafungua, unakung'uta, unafunga, unarudisha.

Nia ya kuupenda huu wa pili naielewa. Wengi wetu tumetoka nchi zilizopiga vita mifuko ya plastiki: Rwanda mwaka 2008, Kenya 2017, Tanzania 2019. Kutupa kitu ambacho kingeweza kurudiwa kunatuuma. Lakini kapu la sokoni ukilikung'uta hakuna anayeumia. Mfuko wa vumbi ukiukung'uta, kile ulicholipia kikafyonzwa kinarudi hewani, mbele ya pua yako, kwenye nguo zako, na kupitia mlango wa gereji kinaingia sebuleni.

Kuna la pili. Kitambaa kilicholegea kinapitisha unga laini, na unga huo unakwenda kuziba chujio lililo nyuma ya mfuko. Chujio likiziba, mashine inapiga kelele ileile lakini haivuti. Vumbi linabaki pale unapokata. Mashine hizi zina madaraja: L hairuhusiwi kupitisha zaidi ya asilimia 1 ya vumbi, M asilimia 0.1, na H asilimia 0.005. Kwa mbao, daraja linalotakiwa kazini Uingereza ni M. Soma kijitabu cha mashine yako: kama kinataja mfuko maalumu, ukiweka mwingine huenda huna tena ile M uliyoilipia.

Tuje kwenye pesa, maana ndilo swali lenyewe. Tuseme mfuko wa kutupa ni pauni 5 na unajaza mmoja kila miezi miwili. Hiyo ni pauni 30 kwa mwaka. Wa kumwaga ukiwa pauni 90, utakaa miaka mitatu kabla hujaanza kuokoa hata senti. Weka bei za duka lako na idadi ya mifuko yako, upige hesabu mwenyewe. Anayejaza mfuko kila wiki atapata jibu tofauti na anayejaza mara sita kwa mwaka.

Kwa huyo anayejaza kila wiki, kuna njia inayowapatanisha wawili hawa: pipa la kati. Ni pipa lenye kifuniko cha umbo la koni, linalokaa kati ya msumeno na mashine. Hewa inazunguka ndani yake kama kimbunga, maranda na vipande vizito vinaangukia chini, na kinachofika kwenye mfuko ni unga laini peke yake. Pipa unalimwaga bila gharama, na mfuko wa kutupa unadumu muda mrefu zaidi.

Ushauri wangu ni huu. Ukipiga msasa, ukikata MDF, au ukifanya kazi ndani ya nyumba ya watu, tumia mfuko wa kutupa. Wa kumwaga uuweke kwa maranda ya randa, na uumwage nje, upepo ukiwa mgongoni, umevaa barakoa ya FFP3, watoto wakiwa ndani na nguo zikiwa zimeanuliwa kambani. Usiufue katika mashine ya nguo za familia. Maranda ya mbao safi yanafaa bustanini kwa kiasi; ya MDF hapana, kwa sababu ya gundi yake.

Ukikata vigae au zege, vumbi lake lina silika, ambayo ni mbaya kuliko mbao: mfuko wa kutupa tu. Cheche za chuma usizifyonze kabisa kwenye mfuko wenye unga wa mbao. Utawasha moto ndani ya gereji. Na nyumba za Uingereza zilizojengwa kabla ya 2000 zinaweza kuwa na asbesto. Ukiishuku, simamisha kazi uwaite wenye ujuzi, maana hakuna mfuko wa dukani unaotosha.

Kwa ndugu yetu aliyeandika: kwako, kwa gereji hiyo na mtoto huyo, ni mfuko wa kutupa pamoja na pipa la kati. Hizo pauni 30 zihesabu pamoja na dawa ya kuvuta ya mtoto, si pamoja na misumari.

Maswali yenu yanakaribishwa. Tukutane toleo lijalo, inshallah.