Maoni Yetu: Shokabsoba za Mbele na za Nyuma



Reli haikufika Embu wala Meru. Njia ya Nanyuki yapita Sagana, na kutoka hapo kila gunia na kila mtu wa Runyenjes huenda kwa magurudumu ya mpira. Kwa hiyo jambo la shokabsoba si la madereva peke yao. Sisi wa reli pia twapanda magari hayo hayo tukienda nyumbani.

Katika gereji kuna ubishi: je, yafaa gari lifungwe shokabsoba za namna moja mbele na za namna nyingine nyuma? Sisi twasema yafaa. Lakini matajiri wengine wamelishika neno hilo "yafaa" wakalipeleka pasipofaa.

Shokabsoba haibebi mzigo. Mzigo hubebwa na springi. Gari likiingia shimoni springi hugandamizwa, kisha hurudi juu, tena chini, tena juu, na gurudumu huruka-ruka. Ndani ya shokabsoba mna mafuta yanayolazimishwa kupita katika matundu madogo, na hayo ndiyo yanayoua mruko. Gurudumu lililo hewani halina breki wala usukani.

Behewa letu halina mbele wala nyuma. Leo lavutwa upande huu, kesho upande ule, basi springi zake ni sawa pande zote mbili. Pikapu sivyo. Injini i mbele na uzito wake haubadiliki. Nyuma asubuhi ni tupu, jioni imejaa kahawa au majani ya chai. Hata mwenye kiwanda hutengeneza za mbele mbali na za nyuma mbali. Mtu akifunga zenye gesi mbele na za mafuta matupu nyuma, au za kampuni mbili, hakukosa, maadamu kila jozi ilitengenezwa kwa gari lile na springi zile.

Ubaya ni kushoto na kulia. Tajiri anunua moja mpya, ya pili aiacha ile ile inayovuja mafuta, na dereva akiuliza aambiwa, "Si mlisema zaweza kuwa mbali mbali?" Gari kama hilo likiteremka kwenda mto Thuci na dereva akakanyaga breki katika kona, gurudumu moja lashika na mwenzake laruka. Mbele zaidi kuna daraja la Nithi, ambapo tarehe 24 Julai 2022 basi lilianguka na watu zaidi ya 30 wakafa. Hatusemi shokabsoba ndiyo iliyowaua. Twasema barabara ile haina msamaha.

Wako na wale wanaofunga ngumu nyuma ili wapakie zaidi. Haziongezi hata kilo moja! Mzigo ukizidi, springi na ekseli ndizo zitakazovunjika. Na gari likirudi tupu katika njia za udongo za Rukuriri, larusha mkia kama mbuzi.

Dereva akisimamishwa na askari, mara nyingi yeye ndiye anayepelekwa kortini, wala si aliyekataa kutoa pesa ya jozi. Sheria ya Magari, Sura 403, kifungu cha 55, yakataza gari lenye hali ya hatari kutumiwa barabarani. Tena Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 14, yamtaka mfanya kazi amwarifu msimamizi wake akiona hatari kubwa, na tajiri hana ruhusa kumrudisha kazini penye hatari hiyo kabla haijaondolewa.

Basi twataka mambo mawili. Shokabsoba zinunuliwe mbili mbili kwa kila ekseli, si moja moja. Na dereva aliyeona mafuta yakivuja, au tairi iliyolika madoa madoa, aandike habari hiyo pamoja na namba ya gari na tarehe, ampe msimamizi, na nakala ailete kwa katibu wa tawi kabla hajapewa safari nyingine.