Mbegu Zimeachiliwa, Ilmu Yake Je?

Novemba 2025, Mahakama Kuu ya Machakos ilibatilisha vifungu vya Sheria ya Mbegu vilivyomfanya mkulima mhalifu kwa kuuza au kubadilishana na jirani mbegu zake za kienyeji. Adhabu ilifika kifungo cha miaka 2 au faini ya shilingi milioni 1. Alhamdulillahi.

Lakini mahakama haiwezi kuturudishia tuliyoyasahau. Huku Kilifi, nyanya zetu ndio wajuao mahindi ya mdzihana na mengawa: yapi yapandwe mvua ikichelewa, gunzi lipi liwekwe mbegu, na vipi litundikwe juu ya meko moshi ufukuze fukusi. Wakifa, huzikwa na ilmu hiyo.

Kifungu cha 11 cha Katiba chalitaka Bunge litunge sheria ya kulinda mbegu za kienyeji na jamii zinazozitumia. Kaunti zetu zisingoje. Maarifa haya yaandikwe kijiji kwa kijiji, kwa majina ya wenyewe, na daftari libaki kijijini. Atakaye kujifunza, karibu. Atakaye kuyasajili yawe mali yake peke yake, azuiwe. Ilmu ni amana, haipigwi mnada.