Hilo Neno "Tu"

Kuna maneno mawili ambayo ningependa yapumzishwe mwaka mzima hapa Kampala: "Nyonyesha tu." Nesi anayasema, mchungaji anayasema, mama mkwe anayasema kwa simu kutoka Goma, na kila wiki ya kwanza ya Agosti, ile wiki ya unyonyeshaji duniani, yanachapwa kwenye fulana na watu wanapiga nazo picha. Mimi sina ugomvi na titi. Ugomvi wangu ni na hilo "tu".

Najua mtakachosema. Kijana wa kiume, hana hata mtoto, anatafuta nini kwenye mambo ya maziwa? Swali zuri. Kazi yangu ni vijana: mpira, ushauri, kuandika barua za kuomba kazi, kusindikiza mtu kwenye ofisi akaulize karatasi yake imefikia wapi. Nilimaliza sekondari, basi, sikuendelea. Lakini ukifanya kazi na vijana wakimbizi huku Mulago, chini ya kilima upande wa kuelekea Kamwokya, utaona wasichana wengi wanakuja na mtoto mgongoni. Ukisema hayo si mambo yako, umewaacha nusu ya vijana wako nje ya mlango.

Basi niwaambie "tu" inaficha nini. Msichana wa miaka 17, ametoka upande wa Uvira, anazaa. Anaenda kwenye kituo kimoja cha afya, jina nakiacha. Mafundisho yanatolewa kwa Kiganda, mstari ni mrefu, nesi ni mmoja na amechoka tangu asubuhi. Yule msichana anaitikia "yee, yee" kama wengine, kwa sababu mtu akikuangalia huku anaongea, unaitikia. Akirudi nyumbani chuchu imepasuka, inatoa damu. Mtoto analia usiku kucha. Jirani anasema: "Maziwa yako iko kidogo, mupe maji ya sukari." Wiki ya tano, bouillie. Mwezi wa pili mtoto amepungua kilo, anarudishwa kituoni, na hapo anaambiwa nini? Nyonyesha tu. Na kwenye mkutano wa jumuiya yetu wenyewe mzee mmoja anasimama anasema wasichana wa siku hizi wavivu, wanaogopa matiti kulala.

Aliyemsaidia ni bibi mmoja wa Bunia anayekaa muzigo wa tatu kwenye uwanja uleule. Alimkalisha, akageuza mtoto tumbo kwa tumbo na mama yake, akangoja mpaka mdomo wa mtoto ufunguke sana, ndipo akamwingiza titi pamoja na ile sehemu nyeusi, si chuchu peke yake. Akamwambia anyonyeshe mara nyingi, usiku pia, maana titi linatengeneza kadiri linavyonyonywa. Ukilipumzisha ili "lijae" ndiyo unalifundisha kukauka. Kazi ya dakika kumi hivi. Yule bibi hayuko kwenye orodha ya mtu yeyote. Hana kitambulisho cha kuning'iniza shingoni wala posho ya usafiri.

Kinachoniuma ni kwamba haya si mambo mapya kwenye kilima hiki. Mulago ni mahali ambapo dunia ilijifunza mengi kuhusu njaa ya watoto. Daktari Hugh Trowell alikaa hapa miaka mingi akichunguza kwashiorkor, ule ugonjwa wa mtoto kuvimba miguu na nywele kubadilika rangi. Kitabu alichoandika juu yake pamoja na wenzake wawili, Davies na Dean, kilitoka mwaka 1954. Jina lenyewe lilitoka kwa Waga wa Ghana, na daktari Cicely Williams ndiye aliyelipeleka kwenye vitabu miaka ya 1930: ni ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa titi kwa sababu mdogo wake amefika. Miaka ya 1960 ikaanzishwa hapa Mulago Mwanamugimu, kitengo cha lishe ambacho kipo mpaka leo. Jina limetoka kwenye methali ya Kiganda inayosema mtoto mwenye afya hutokana na ile mbeleko aliyobebewa. Na pale hawakumhubiria mama. Mama alikaa na mtoto wake, akapika mwenyewe, kwa vyakula anavyovipata sokoni kwake, akachanganya kitobero, akaona kwa macho mtoto anarudi. Walielewa kwamba mama hahitaji hotuba. Anahitaji mtu wa kukaa naye chini, mkono kwa mkono.

Anayetaka ushahidi wa karibu zaidi aende Mbale. Kulifanyika utafiti mkubwa kule, pamoja na Burkina Faso na Afrika Kusini, matokeo yakachapishwa 2011. Walichukua wanawake wa kawaida wa mtaani, wakawafundisha, wakawatuma nyumbani kwa wenzao angalau mara tano, mara moja kabla ya kuzaa na nyingine baada ya kuzaa. Mtoto alipofika wiki 12, upande wa Uganda, kati ya mama 100 waliotembelewa 82 walikuwa wananyonyesha bila kuongeza kitu kingine. Wasiotembelewa, 44. Wiki ya 24 ilikuwa 59 kwa 15. Titi ni lilelile, na wilaya ni ileile. Kilichobadilika ni jirani aliyebisha hodi. Niseme na upande wa pili, maana tusidanganyane: kuhara kwa watoto hakukuonekana kupungua katika utafiti ule. Kwa hiyo hata jirani mzuri hachimbi bomba la maji. Lakini mimi naomba jirani kwanza.

Sasa jirani huyo aseme lugha gani? Uganda iliandika kwenye Katiba mwaka 2005 kwamba Kiswahili ni lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 baraza la mawaziri likasema kifundishwe mashuleni. Vizuri sana, tunapiga makofi. Lakini ukizungumza Kiswahili kwenye foleni bado kuna watu wanakuangalia kama askari au mwizi, hiyo historia tunaijua. Na karatasi za mafundisho ninazoziona zikipachikwa ukutani ni za Kiingereza na Kiganda. Nchi ina wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, Wakongomani ni kundi kubwa kati yao, na mama wa Kivu anafundishwa jambo la uhai wa mtoto wake kwa ishara za vidole. Mtu ataniambia wajifunze Kiganda. Watajifunza! Wengi wanakisema sokoni baada ya mwaka mmoja. Lakini mtoto hazaliwi ukishajifunza. Anazaliwa wiki ileile.

Halafu kuna tumbo la mama mwenyewe. Mkimbizi aliyejiandikisha Kampala hapewi mgao wa chakula kama yule wa Nakivale au Kyaka, mjini unajitegemea. Bamama betu wanajitegemea vipi? Kwa kutembeza. Anafunga bitenge begani, bijou kwenye sahani, anapanda Kamwokya, anashuka Bukoto, anarudi Wandegeya, anakimbia askari wa jiji, anarudi saa moja usiku. Mtoto yuko mgongoni kwenye jua, au amebaki na dada wa miaka tisa na chupa. Sheria ya kazi ya Uganda ya 2006 inampa mama siku 60 za likizo ya uzazi zenye malipo. Za nani? Za mwenye mwajiri. Mwenye sahani ya bijou mwajiri wake ni miguu yake. Kwa mtu huyo, "nyonyesha tu miezi sita" ni sawa na kumwambia "usile miezi sita". Hapa ndipo elimu ya kweli ingemfaa: jinsi ya kukamua maziwa kwa mkono safi, kwenye kikombe chenye mfuniko, kwamba yanaweza kukaa mpaka saa nne hivi mahali penye ubaridi wa kawaida bila friji, na yule dada amnyweshe kwa kikombe. Nimewauliza wasichana wa kikundi chetu. Karibu wote walikuwa hawajawahi kusikia kwamba maziwa ya mama yanaweza kukamuliwa yakawekwa. Waliambiwa yakilala nje ya mwili yanakuwa sumu.

Kuna ndugu zetu ambao jibu lao ni makopo. Wanakuja na moyo safi, wanataka kugawa maziwa ya unga. Naomba wakae kwanza. Unga unataka maji, maji yanataka kuchemshwa, kuchemsha kunataka makaa, na kopo la wiki hii halisemi nani atanunua la wiki ijayo. Mama anaongeza maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi, na wakati huo titi limeshakauka. Hii nayo si hadithi mpya. Mwaka 1939 Cicely Williams alisimama Singapore akawaambia wakubwa wazi kwamba kupotosha akina mama juu ya maziwa ya kopo ni uuaji. Derrick Jelliffe, aliyefundisha utabibu wa watoto hapa Makerere, aliyapigia kelele makampuni ya maziwa miaka mingi. Tarehe 21 Mei 1981 nchi za dunia zikapiga kura kule Geneva kuweka kanuni za kuzuia matangazo hayo: 118 zikakubali, moja ikakataa, Marekani. Uganda ina kanuni zake tangu 1997. Kwa mtoto aliyefiwa na mama, au ambaye daktari ameona hakuna njia, kopo ni dawa, na apewe mpaka mwisho, na maji na makaa juu yake. Lakini kugawa mlangoni kama sabuni, hapana.

Na tuache minong'ono. Ukimpa mtoto chupa uwanjani kwetu, jioni wameshasema una virusi. Ukiwa navyo kweli na unanyonyesha, wanasema unamuua mtoto. Hapahapa Mulago ndipo ulipofanyika ule utafiti uliochapishwa 1999, ulioonyesha kwamba nevirapine, dozi moja kwa mama na moja kwa mtoto, inapunguza sana maambukizi. Tangu wakati huo dawa zimeendelea, na tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linasema mama anayemeza dawa zake vizuri anaweza kunyonyesha mpaka miaka miwili na zaidi. Huyo anahitaji daktari na dawa bila kukatiza. Majirani wenye macho makali hawamsaidii kitu.

Nimewaacha wababa makusudi mpaka hapa, maana ndio wanaonisoma wakicheka. Kijana mwenzangu, wewe uliyesema haya ni mambo ya wanawake: nani anabeba bidoni la maji kutoka kisimani? Nani anaamka saa tisa usiku? Nani aliamua pesa ya wiki iende kwenye kubeti badala ya maharagwe na dodo? Titi huna, sawa. Mikono unayo. Nimeona wavulana wa miaka ishirini wanaojua majina ya wachezaji wote wa Arsenal na hawajui kwamba mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji hata tone la maji. Hawajaambiwa, kwa sababu kila mafundisho yanaitwa "ya akina mama" na wao wanabaki nje wanalinda viatu.

Kwa mashirika yanayotuhesabu kila mwaka, ombi ni dogo, na bei yake ni ndogo kuliko fulana za Agosti. Mtu mmoja wa Kiswahili kwenye kila siku ya kliniki wanakokwenda wakimbizi, alipwe, asiwe mtoto wa mgonjwa aliyekosa shule ili atafsiri. Mabibi kama yule wa Bunia wafundishwe wiki moja, wapewe nauli, watembelee wazazi wapya kabla ya wiki ya kwanza kuisha, maana chuchu haipasuki mwezi wa tatu, inapasuka siku ya tatu. Na kila semina ya saa sita iwe na kivuli na sahani ya chakula kwa anayenyonyesha, kwa sababu kumfundisha mwenye njaa habari za lishe ni matusi.

Sisi hatungoji. Mabibi watatu wameshakubali, mmoja wa Bunia, mmoja wa Bukavu, mmoja Mnyamulenge anayejua pia Kiganda. Wanakaa kwetu Alhamisi kuanzia saa nane, kwenye mkeka, mlango umefungwa nusu. Wababa wanaingia pia, ila wa kwanza kuchelewa ndiye anayeenda kuchota maji.