Kufuta Onyo Si Kazi ya Kitoto

Imeenea imani miongoni mwa waandishi wa programu kwamba kusahihisha tahajia na kuondoa maonyo ya zana za uchunguzi katika kerneli ya Linux ni kazi isiyo na uzito: anayeanza hupewa ili azoee, na mjuzi akionekana anaifanya, hudhaniwa amekosa la maana. Imani hii ni potofu, tena inawapotosha wote wawili. Mjuzi huidharau kazi, mgeni huifanya bila kufikiri, kwa kuwa kila mmoja ameambiwa haihitaji maarifa.

Tuanze na lugha ya C, ambayo ndiyo lugha kuu ya kerneli. Ndani ya switch, muundo wa kuchagua tawi la kutekelezwa, tawi ambalo halikufungwa kwa neno break huendelea moja kwa moja hadi tawi linalofuata. Pengine mwandishi alikusudia hivyo, pengine alisahau, na kwa macho huwezi kujua. Kompaila ya GCC ilipata onyo maalumu la hali hiyo katika toleo la 7, mwaka 2017, lakini kerneli ilikuwa na sehemu za namna hiyo zaidi ya elfu mbili. Onyo linalolia mara elfu mbili halisikilizwi na mtu. Ikabidi zipitiwe moja moja, na kila moja iulizwe kama aliyeiandika alikusudia. Humo zilipatikana break zilizosahauliwa kweli, makosa halisi yaliyokuwa yamejificha katikati ya yale yasiyo na madhara. Mwaka 2019, katika toleo la 5.3 la Linux, onyo hilo liliwashwa kwa kerneli nzima. Tangu hapo anayesahau break huambiwa na kompaila kabla msimbo wake haujamfikia mtumiaji. Hiyo ndiyo faida ya usafi: onyo jipya likitokea, linaonekana.

Sasa tazama kinachotokea kazi hii ikifanywa kwa kudhani ni nyepesi. Mwaka 2006, katika mfumo wa Debian, mistari miwili ya maktaba ya OpenSSL iliondolewa kwa sababu Valgrind, zana inayochunguza kumbukumbu programu inapoendeshwa, ililalamika. Mstari mmoja kati ya hiyo ndio uliokuwa ukiingiza data ya kubahatisha inayofanya funguo za siri zisikisiwe. Malalamiko yakaisha. Kilichobaki kutofautisha funguo ni namba ya mchakato, ambayo kwa kawaida haikuzidi 32,768. Kasoro hiyo ilitangazwa Mei 2008, na funguo zilizotengenezwa kwa muda wa karibu miaka miwili zikabidi zitupwe. Haikuwa kerneli, lakini somo ni lilelile: onyo lilifutwa kabla ya kueleweka.

Wapo wasimamizi wa kerneli wanaolalamika kwamba viraka vya namna hii, yaani mabadiliko madogo ya msimbo yanayotumwa kukaguliwa, vinajaza historia ya msimbo, vinagongana na kazi za wengine na kula muda wa wanaokagua. Wana haki. Kiraka kinachohamisha nafasi tupu katika dereva ya zamani isiyoguswa na mtu hakimfaidishi yeyote, na kukikataa ni sawa. Lakini hoja hiyo inashambulia kazi iliyofanywa vibaya, haiishambulii kazi yenyewe.

Wengine husema kosa la tahajia katika maelezo ya msimbo haliangushi kompyuta. Ni kweli, ila anayesaka chanzo cha hitilafu hutafuta kwa maneno, na neno lililokosewa halimjii. Hata hapo panahitaji ujuzi: creat, jina la wito wa mfumo uliorithiwa kutoka Unix, halina herufi e mwishoni, na atakayelibadilisha atakuwa ameharibu jina lililo sahihi.

Basi wewe unayetaka kuingia katika kerneli kwa mlango huu, ingia, lakini usitume kiraka chako mpaka uweze kueleza kwa nini mwandishi wa kwanza aliandika alivyoandika. Na wewe unayekagua, mdai maelezo hayo kila mara, hata kama kilichobadilishwa ni herufi moja.